Ishara Isiyoulizwa Sababu

Mtu mmoja aliyeitwa Faki alikuwa na shule isiyo na madawati wala ubao. Alifundisha watu wazima kuzamia katika mapango yaliyojaa maji, yale yanayopita chini ya mawe ya matumbawe. Humo mzamiaji akiishiwa na hewa hawezi kuibuka tu, kwa kuwa juu ya kichwa chake ni mwamba. Kijiji chao kilitaka kujua maji yake ya kunywa yanatoka wapi, na hilo halijulikani mpaka mtu aingie, afunge kamba, apime, kisha arudi.

Sheria za Faki zilikuwa chache. Theluthi moja ya hewa ni ya kwendea, ya pili ni ya kurudia, na ya tatu si yako. Ni ya mwenzako akipatwa na jambo. Kamba isiachwe. Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: yeyote akiinua kidole gumba, awe mgeni au mkongwe, wote wanageuka na kutoka, wala haulizwi sababu. "Nikianza kuwauliza sababu," aliwaambia, "mtaanza kuzitafuta. Na atakayeikosa atanyamaza."

Karibu naye alifundisha Shaame. Wawili hao walifunzwa na mwalimu mmoja, lakini Shaame alishika njia ya ukali. Aliwazimia wanafunzi taa bila kuwaambia. Aliyerudi mapema alibandikwa jina, na jina hilo lilimfuata mpaka sokoni. Shaame alisema pango halimbembelezi mtu, basi na mwalimu asimbembeleze. Wanafunzi wake walifika mbali zaidi, na watu wakabishana miaka mingi barazani, huyu akimsifu mkali, yule akimsifu mpole. Faki hakuingia katika ubishi huo. Moyoni alijua yuko upande gani, na alijua kwamba katika shule yake hakuna aliyewahi kufa.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mize, binti wa dada yake, mama wa watoto wawili, mtu makini. Mwaka ule ilibaki sehemu moja nyembamba kupimwa, na masika yalikuwa yanakaribia kulichafua pango kwa tope. Siku ya kwanza Mize aliinua kidole gumba. Wakatoka. Siku ya pili akakiinua tena. Wakatoka. Siku ya tatu walikuwa hawajafika hata nusu ya njia alipokiinua, wakatoka.

Wanafunzi wa Shaame walikuwa wamekaa juu ya mawe wakisuuza vifaa vyao. Mmoja akaita, "Mwalimu Faki! Mara hii mmesharudi? Mlikwenda kuchota maji ya chai?"

"Na birika wamelisahau!" akadakia mwingine.

Wakacheka. Faki naye akatabasamu, maana hakuwa mtu wa kununa. Akamgeukia Mize, akampigapiga begani, akasema kwa upole, "Leo tena, Mize?"

Mize akacheka pamoja nao. "Samahani, Mjomba," akasema.

Katika miaka yote ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwomba Faki samahani kwa kidole gumba. Alilisikia neno lile, akaliacha lipite.

Kesho yake waliingia watatu, Faki mbele, Mize katikati, na nyuma yao Kombo, mwanafunzi mwenzake Mize. Kwenye mlango wa ile sehemu nyembamba Faki aligeuka, akauliza kwa ishara kama wote wako salama. Mize akajibu kwamba yuko salama. Wakaingia mmoja mmoja, kwa kuwa hapapiti wawili ubavu kwa ubavu. Humo ndani mpira unaomletea Mize hewa kinywani ukapasuka. Tope likatimka, taa zikawa kama hazipo. Faki hakuweza hata kugeuka. Kombo aliipapasa njia mpaka akaupata mkono wa Mize, akamsogezea hewa yake, lakini mkono ule ulikuwa umekwisha kulegea.

Walimtoa. Watu wakajaa. Wafuasi wa Shaame walisema ulaini ndio uliomuua. Wafuasi wa Faki walisema ni mpira, na mpira haujui mkali wala mpole. Walibishana hata mazikoni.

Siku ya tatu ya matanga Faki alimwita Kombo kando, akamtaka amwambie yote aliyoyaona.

Kombo alisema mpira ule ulikuwa ukitoa mapovu tangu nje ya ile sehemu nyembamba. Mize aliyaona. Aliushika mara mbili. Kisha akainua mkono, na kidole gumba kilikuwa kimekwisha kusimama, akaitazama taa ya Faki mbele yake. Halafu akakikunja kidole ndani ya ngumi, na Faki alipogeuka kuuliza, akajibu kwamba yuko salama.

Faki alimsogelea. "Na wewe uliyeyaona mapovu," akasema, "mbona wewe hukuinua?"

Kombo aliinamisha kichwa. "Mwalimu," akasema, "siku ile ya birika nilikuwapo."

Faki aliona kwamba kwa miaka mingi aliwafundisha kwa kinywa, na wao walijifunza siku moja tu, kutoka katika tabasamu lake. Alitamani yawe kweli wanayoyasema wafuasi wa Shaame, kwamba aliyemuua ni mwalimu mpole mno, maana mwalimu huyo angeweza kumsamehe. Lakini siku ile, kwa maneno matatu, alikuwa Shaame, na hakujua.

Nanyi wazazi, walimu na wakubwa wa kazi, mliowaambia walio chini yenu wasiogope kusema: mara ya mwisho mmoja wao aliposema, nyuso zenu zilimjibu nini?