Kiraka Kisichoonja Moto

Mtu mmoja alikuwa na banda la kuziba pancha kwenye njia panda ya Kwemsala, na wana wawili. Mimi shule niliiacha darasa la tano, ila habari ya banda hili naijua kuliko ninyi mliokaa mbele na miwani yenu. Kwa hiyo tulieni.

Mzee huyo, Shekalaghe, aliziba kwa mpira mbichi. Aliwafundisha wanawe kwamba mpira ni nyuzi ndefu mno, nyembamba hata jicho halizioni. Kila uzi umeungwa kwa vipande vidogo, maelfu, kila kimoja kimeshika cha mbele yake na cha nyuma yake, wala hakiachii. Lakini uzi na uzi wa ubavuni hazijashikana. Zimelala tu mkeka mmoja. Asubuhi kwenye ubaridi utadhani ni kitu kimoja. Jua likichoma, kila uzi unateleza kwenda zake. Ndani ya mpira kuna unga wa salfa, nao umelala. Ukiupelekea moto unaamka, unakuwa mikono, unafunga uzi huu kwa ule. Baada ya hapo vuta utakavyo: mpira utanyooka, kisha utarudi.

Wana wakagawana kazi. Mkubwa, Mbelwa, alikwangua tyubu, akaweka kiraka, akakibana chini ya pistoni kuukuu ya injini, yenye uwazi kama kikombe. Mdogo, Kiluwa, alimimina mafuta ya taa ndani ya pistoni, akawasha, akangoja.

Wakaja kukosana. Juu ya nini? Kiti. Nani akalie kiti chenye mgongo baba asipokuwepo. Siku tatu hawakusemezana.

Asubuhi ya siku ya tatu, baba akiwa msibani, akaja mtu mmoja, Mntambo, akikokota baiskeli, mkewe nyuma, ana uchungu wa mtoto wa kwanza. Gurudumu limekwisha upepo.

"Ndugu zangu, hospitali ni mbali. Fanyeni hima."

Kiluwa akatoka kwenda kununua mafuta ya taa. Mbelwa akakwangua, akabana kiraka, akaenda zake kunywa chai bila neno. Kiluwa aliporudi akakuta kiraka kimebanwa. Akagusa pistoni, ni ya baridi; akajiambia kaka ameshachoma, imeshapoa. Kuuliza tu, "Kaka, umechoma?" kungetosha. Lakini kwa ajili ya kiti hakumfuata. Akajaribu kiraka kwa kidole, kimeshika. Akajaza upepo. Mntambo akashukuru, akaondoka na mkewe.

Saa sita, kwenye mlima usio na kivuli, kiraka kiliteleza. Mwanamke alijifungulia kando ya barabara. Yeye alipona. Mtoto hakulia.

Jioni baba alirudi akaikuta tyubu juu ya kile kiti. Mntambo alikuwa ameirudisha, hakutukana mtu. Mzee akavuta kiraka kwa vidole viwili, kikatoka chote, laini kama utando wa maziwa. Akawatazama wanawe.

"Hivi vililala pamoja tu," akasema. "Kama ninyi."

Sasa ninyi nawajua. Mnajivunia ukoo: babu kamshika baba, baba kamshika mwana, uzi mrefu, haukatiki. Sawa, sibishi. Ila huyo aliye ubavuni mwako hapo, mnayegusana naye mabega: jua likichoma utakuwa umemshika, au mlikaa tu benchi moja?