Jina la Leso

Sogeeni, wenye masikio na wenye ubishi. Hadithi yangu haina jini wala sultani, na mwisho wake sinao, nimewaachia nyinyi. Anayetaka hadithi ya kumbembeleza akalale sasa hivi, maana hii huamsha.

Palikuwa na kiwanda cha leso, hizi ambazo wengine huziita kanga, huko Mombasa, mwenye nacho ni Bi. Rukiya Shebwana, aliyekirithi kwa babake. Rukiya alijaliwa kinywa. Si kwamba alisema sana, la. Alisema kidogo, lakini neno lake likishatoka halirudi, hata kama lilimkosesha raha siku nzima kabla ya kutoka. Tumbo lake ndilo lililokuwa mshauri wake.

Mkuu wa mauzo alikuwa Bwana Mbarak. Yeye alijaliwa ulimi, na ulimi na kinywa ni vitu viwili. Angeweza kukuuzia leso ya harusi ukiwa matangani, na ukamshukuru. Hakuwa mwongo. Ukweli wake ulikuwa na milango mingi tu, na kila mteja alitokea kwa ule alioupenda.

Katika chumba cha kukunjia leso alikuwako mama wa Kigiriama, Bi. Sidi, mama wa kanisa, mkali wa dhambi za watu na zake mwenyewe pia. Yeye alijaliwa mlango. Wake waliofukuzwa na waume zao, wazee waliosahauliwa na wana wao, wote walipita kwake wakala, wakalala, wakahubiriwa. Uji wake ulikuwa mtamu na mahubiri yake marefu, na hakuna aliyepata kimoja bila kingine.

Wa nne ni Shee Lali, mtu wa Lamu, aliyetunga majina ya leso. Na mwajua, leso isiyo na jina ni kitambaa tu. Wanawake hununua maneno kwanza, maua ya pindoni wakayatazama baadaye. Shee hakuwa ameoa wala hakuwa na nia, kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwa wanaume wenzake. Kiwandani kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelijua, kama tunavyojua kuishi huku kwetu.

Basi msimu wa harusi ukakaribia, Shee akatunga jina la maneno matatu: SHOGA YANGU SIMTUPI.

Kwa mtu wa pwani hapo hapana la kushangaza. Shoga ni rafiki wa mwanamke, yule anayekuja kukusuka, anayejua siri ya sufuria yako na ya mumeo. Leso zikaruka sokoni. Mwanamke alinunua doti moja, yaani vipande viwili vilivyoungana, akakata, kipande chake na kipande cha shoga yake, wakaenda harusini wamefanana. Rukiya alifurahi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akala chakula cha mchana akamaliza.

Kisha Bwana Mbarak akapeleka marobota bara. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na sisi watu wa pwani pekee ndio tungeweza kulizaa, maana tumezoea kudhani Kiswahili chetu ndicho cha kila mtu. Neno hilo, shoga, likifika bara huwa limekwisha kuwa na maana moja tu, mwanamume anayependa wanaume, tena hutamkwa kwa kutema mate. Mtu akaipiga leso picha, akaitia mtandaoni, akaandika kwamba kiwanda cha Mombasa kimetangaza kuwatetea wanaume wa namna hiyo. Kampuni ikajikuta imetoa msimamo kabla ya kujua kwamba imeulizwa.

Marobota yakaanza kurudi. Simu zikalia, wengine wakitukana, wengine, wachache na kwa sauti za chini, wakishukuru. Rukiya hakujua zipi zilimtisha zaidi; Bwana Mbarak akashauri kampuni inyamaze mpaka yapite, nayo ikanyamaza. Halafu mtu anayewajua watu wa kiwandani akaongeza la kwake, kwamba mtungaji wa maneno yale anaitwa Shee na yeye mwenyewe ni mmoja wao. Ijumaa baada ya sala, vijana wakaanza kukusanyika nje ya nyumba aliyopanga Shee, naye yumo ndani, amefunga dirisha.

Alimpigia Rukiya simu. Hakuomba kitu, alisema tu kwamba wapo na wanazidi. Polisi walikuwa wamesema wanakuja, na kila walipopigiwa walisema vivyo hivyo.

Mtangazaji wa redio naye alikuwa akingoja kwenye simu nyingine, anataka maelezo ya kampuni, hewani, sasa hivi. Bwana Mbarak alikuwa ameyaandaa.

"Sema la kweli tupu," akamwambia Rukiya. "Shoga ni rafiki wa mwanamke. Hatukukusudia vingine. Kisha funga simu."

"Na Shee?"

"Habari za Shee hatukuulizwa. Sisi tunauza nguo, Bi. Rukiya. Nguo ikianza kuhukumu nani ampende nani, nani atatuvaa? Na hawa wanaokunja na kuchapa, watoto wao watakula huo msimamo?"

Rukiya aliyapima maneno yale na hakuona uongo ndani yake. Hilo ndilo lililomtia hofu. Yalikuwa ya kweli, lakini yakisemwa saa ile, watu wale wakiwa mlangoni kwa Shee, yangesikika kama kusema, huyo si wetu, mchukueni. Akaichukua simu ya redio.

Sasa tazameni walivyofanya, mmoja baada ya mwingine.

Rukiya alisema hewani kwamba ndiyo, leso ile iliandikwa kwa rafiki wa mwanamke, na hakukuwa na maana nyingine aijuayo yeye. Mtangazaji akauliza, na ile maana nyingine, je, kampuni inaikana? Rukiya akasema, "Na huyo mwingine pia hatumtupi. Shee Lali ni mtu wangu wa kazi. Ampende nani, hilo ni shauri lake. Anayemtaka asiende kwake, aje kwangu kiwandani." Wale vijana walikuwa wanasikiliza kwa simu zao. Wakaona wametukanwa. Nyumba ya Shee ikasahauliwa pale pale, na umati wote ukageuka ukashika njia ya kiwandani.

Bwana Mbarak aliusikia ukija. Alimtazama Rukiya kwa hasira ambayo hakuwa na muda wa kuisema, akatoka getini na robota la leso begani, peke yake, akamwambia bawabu afunge nyuma yake. Akafungua leso moja, akaitandaza mbele yao. Akawauliza nani kati yao mamake hana shoga. Akamshika mmoja, akamuuliza jina la mama, kumbe anamfahamu, akamtajia na shoga ya mama, aliyemshika yule kijana mikononi siku aliyozaliwa. Watu wakaanza kucheka bila kupenda. Walipomtaka aseme kuhusu Shee, alijibu, "Mimi nauza leso, siuzi watu," na hawakujua kama amewakubalia au amewakatalia. Akawazungusha hivyo, maana baada ya maana, mpaka adhana ya alasiri. Wengine wakaenda kusali, waliobaki wakaona aibu kuwa wachache. Kila mmoja aliondoka akiamini kampuni imesema analotaka yeye.

Na Bi. Sidi? Redio ya chumba cha kukunjia ilikuwa wazi. Aliposikia umati umeitiwa kiwandani, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma bila ruhusa, akaenda kule ulikotoka. Uchochoroni walikuwa wamebaki majirani, wanawake na wazee, mikono kiunoni. Akagonga, akamwambia Shee avae viatu. Wakatoka pamoja. Jirani mmoja akauliza anampeleka wapi mtu kama huyo. Bi. Sidi akamjibu kwamba huyu ni mgeni wake, na mgeni wa mtu haguswi, na asiyelijua hilo hakulelewa. Majirani wakawapisha. Baadhi ya vijana waliporudi baadaye kujaribu tena, walikuta nyumba tupu.

Shee akakaa kwa Bi. Sidi. Alikula uji, na asubuhi na jioni aliombewa aache mambo yake, akiwa amekaa papo hapo. Bi. Sidi hakumficha Rukiya. "Mwanangu, mimi mambo yake siyakubali, leo wala kesho. Lakini sikumfungulia mambo yake. Nilimfungulia yeye."

Basi Shee yuko hai. Hakuna aliyemgusa. Lakini angalieni: bila neno la Rukiya, umati usingeondoka mlangoni kwake. Bila ulimi wa Mbarak, ungerudi na hasira maradufu kabla ya viatu kuvaliwa. Bila mlango wa Bi. Sidi, angebaki ndani akiusubiri. Ondoa mmoja, na leo ningekuwa nawasimulia matanga.

Na kila mmoja ana doa lake. Rukiya alilitaja jina la Shee mbele ya nchi nzima bila kumuuliza. Mbarak ndiye aliyetaka kunyamaza, na katika kule kunyamaza uvumi ulikuwa umepata nafasi ya kukua. Bi. Sidi alimpa mtu kitanda, akamwekea na hukumu kwenye mto.

Siku zikapita, mambo yakapoa, au yalijifanya kupoa. Wanawake wa pwani wakaanza kuulizia leso ile tena, wengine kwa mapenzi, wengine kwa ukaidi tu wa kuambiwa wasivae. Wanunuzi wa bara wakasema watarudi, lakini wanataka kwanza waione leso mpya inasema nini. Shee naye akarudi kazini na mchoro mpya, maua ya mkilua pindoni, na mji, ule uwanja wa katikati ya leso, mwekundu. Akautandaza mezani mbele ya wale watatu. Mahali pa jina alikuwa amepaacha wazi.

Hapo ubishi ukaanza. Rukiya alitaka jina lile lile lichapwe tena, herufi kwa herufi, maana kulibadilisha baada ya yote yaliyotokea ni kumtupa Shee kwa wino. Bwana Mbarak alitaka iandikwe RAFIKI YANGU SIMTUPI. Maana ni ile ile, akasema, na haitamletea mtu mawe mlangoni, akiwemo Shee mwenyewe. Bi. Sidi alisema pasiandikwe kitu. Leso zimesema, redio imesema, na aliyeokolewa aliokolewa na mtu aliyetembea kwa miguu. Kiwanda kichape maua, na watu wafungue milango yao.

Walibishana mpaka mashine ikazimwa isipoteze umeme. Wachapaji walisimama kando, kila mmoja akiwaza nyumbani kwake. Rukiya aliwatazama, akamtazama Shee. Kila njia aliyoiangalia ilikuwa na mtu mwishoni mwake wa kuumia.

Shee akasema, "Aliyeniokoa ndiye aandike." Akatoa kalamu.

Rukiya aliipokea, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi, na kwa kuwa moyoni aliamini ni yake. Kabla hajainama, Shee akamwambia kwa upole, bila kinyongo, "Mamangu alikuwa akipaa samaki magamba, redio iko dirishani. Alinijua kupitia kwako, Bi. Rukiya, kabla hajanijua kupitia kwangu. Hajanipigia simu mpaka leo."

Kalamu ikawa nzito. Rukiya akampa Bwana Mbarak. Mbarak akaigeuzageuza, akakumbuka maelezo aliyoyaandaa siku ile na jinsi yalivyokuwa mafupi. Akampa Bi. Sidi. Bi. Sidi akasema yeye haandiki, lakini hakuirudisha. Akaiweka mezani, juu ya pale palipo wazi.

Mtaniambia apewe Shee mwenyewe? Hilo Rukiya alilifikiria kabla yenu. Alimsogezea kalamu. Shee akarudisha mikono nyuma.

"Mimi niliandika mara moja," akasema. "Mkaona."

Basi mashine imezimwa, wachapaji wanangoja, na Rukiya amesimama mbele ya mchoro usio na jina, hajui amuulize nani. Nawauliza nyinyi mliokula mkashiba. Kinywa, ulimi na mlango, ni kipi kilichomwokoa Shee? Na leso itakayotoka hapo, iseme, izungushe, au inyamaze?

Kalamu hiyo mezani. Wewe ungempa nani?