Bakora Zilizompata Hamdani

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na fundi wa viatu vya makubadhi, mcha Mungu, jina lake Shuwehi. Umri wake wote alitamani kuhiji, na umri wake wote uwezo haukumruhusu.

Adhuhuri moja aliingia dukani mzee mwenye joho, akamkumbatia huku analia. "Shuwehi! Hunijui? Mimi Ghalibu, tulisoma chuo kimoja cha Kurani!"

Shuwehi akamtazama, akamtazama tena. Miaka arubaini! Ndevu zile hakuzijua, ila kovu lililo juu ya nyusi alilijua, naye machozi yakamtoka.

"Nakwenda Hija," akasema Ghalibu, "na nimenuia nikuchukue, chakula na kipando juu yangu. Sijasahau siku ile ubao wangu ulipofutwa kabla sijausoma mbele ya mwalimu. Bakora imeshainuliwa, wewe ukasimama ukasema, 'Ni mimi niliyeufuta.' Ukapigwa wewe."

Shuwehi akachanganyikiwa. Kuufuta aliufuta, tena kwa kijicho, maana Ghalibu alimshinda kuhifadhi. Lakini kusimama? Kupigwa? Hakukumbuka hata bakora moja. Au alipigwa akasahau? Mbona mwenzake anasema kwa yakini hivi? Angeitikia ndiyo tu, na Makka hiyo! Mungu atunusuru, moyo wa mwanadamu ni hodari wa kujitafutia ushahidi.

Akashika sindano, akaiweka, akaishika tena. Mwisho ikamjia sura ya aliyesimama: mtoto mwembamba aliyekaa katikati yao.

"Ndugu yangu, aliyepigwa ni marehemu Hamdani. Mimi ndiye niliyeufuta, nikanyamaza, yeye akabeba kosa langu. Nisamehe. Tafuta mwenzako mwingine wa safari."

Ghalibu akakaa kitako juu ya ngozi, kaduwaa. "Hamdani? Lahaula! Kila Ijumaa nakuombea wewe, kumbe dua zimekwenda nyumba siyo!"

Shuwehi akaishika tena sindano yake, akainamia kazi.

"Basi Hamdani tutamwombea mbele ya Al-Kaaba," akasema Ghalibu.

"Tutamwombea?"

"Mimi na wewe. Utotoni uliogopa bakora chache, ukaficha. Leo umekiri, ukijua unaikosa Hija. Nimwamini nani njiani kama si wewe? Funga duka, bwana!"

Husemwa kwamba walipofika, dua ya kwanza ya Shuwehi haikuwa ya nafsi yake, ilikuwa ya Hamdani. Nasi, ndugu zangu, ni shukrani ngapi zisizo zetu tumezipokea, tukatabasamu? Mola atujaalie ulimi wa Shuwehi, amin.