Neno la Mama Pimbi

Nianze?
— Anza!
Nitie chumvi?
— Koleza!

Basi hapo kale, kwenye kilima cha mawe matupu, Mama Pimbi aliishi na wanawe. Siku moja katoka kuota jua, mara puu! Guu la Chui mgongoni. Wanawe wakachungulia kutoka kwenye ufa wa mwamba, wakaanza kulia.

Mama Pimbi akajikaza. Akamwambia Chui kwamba pimbi mmoja hajazi hata pengo la jino, afadhali amfundishe neno la kilimani, ambalo likisemwa tu, kila anayelisikia hugeuka jiwe palepale alipo.

“Na jiwe nitalitafunaje?” akauliza Chui.

“Unaliramba, bwana. Ukiliramba hurudi kuwa nyama.”

Mate yakamdondoka Chui, cho, cho, cho. Akaliinua guu.

“Neno lenyewe ni jabalika,” akasema Mama Pimbi. “Maana yake, kuwa jabali. Lakini halisemwi ovyo. Kwanza unakunja miguu yote, unaikalia, hutikisiki mpaka kivuli cha mwamba kikufikie. Ndipo unalisema.”

Chui akakunja miguu, akaikalia. Nzi akatua puani, zii, zii. Hakutikisika. Jua likamchoma utosini. Hakutikisika. Njaa ikamkwaruza tumbo. Hakutikisika, maskini, anawaza minofu tu.

Kivuli kikafika. Chui akanguruma, “Jabalika!”

Mama Pimbi na wanawe walikuwa wamejipanga juu ya mwamba, kimya, macho makavu. Chui akafurahi mno. Akataka kuruka. Wapi! Miguu imekufa ganzi, haisikii lolote.

“Mama Pimbi,” akasema kwa sauti ndogo, “miguu yangu imekuwa mawe.”

“Pole, bwana. Neno limekurudia.”

Chui akalia machozi, akaomba dawa. Akaambiwa dawa ni kuapa kwamba hatakanyaga tena kilimani. Akaapa kwa jina la mama yake. Punde miguu ikaanza kumchoma, chwi, chwi, chwi, akainuka, akateremka akichechemea, kwata, kwata, kwata, na hadi leo hajarudi.

Funzo, wanangu, ni kwamba msidanganye kamwe. Mama Pimbi alidanganya, na mwaona yaliyompata: wanawe wote wazima, kilima chote chake, na jua analiota mpaka linamchosha.

Wangu uongo umekwisha. Aliyeupenda aondoke nao, asiyeupenda auache mlangoni.