Mama Aliyemwamkia Kangaruu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, mdogo tu, ana miaka ishirini na miwili, alijifungua mtoto wa miezi saba. Njiti. Kilo moja na gramu mia mbili, unamshika unahisi kama umeshika nguo tupu. Alikuwa mtoto wake wa pili. Wa kwanza naye alikuja kabla ya wakati, akaishi siku mbili, akafia mikononi mwake akiwa ananyonyeshwa, na tangu siku ile yule mama aliamini jambo moja ambalo hakumwambia mtu, kwamba mikono yake ndiyo iliyomuua.

Basi huyu wa pili akawekwa kwenye mashine ya joto, kile kisanduku cha kioo chenye tundu la kupitishia mkono, na mama akapewa kitanda wodi ya jirani pamoja na wenzake wenye njiti. Wodi ile kazi yake ni moja. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi na kofia, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anafungwa kitenge, mnashinda hivyo, mnalala hivyo, mpaka afikishe uzito. Wanaiita kangaruu, kwa jina la yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto kwenye mfuko wa tumbo, na picha yake kubwa ilibandikwa koridoni, mama kangaruu amesimama na kichwa cha mtoto kinachungulia.

Kila asubuhi muuguzi alimwambia leo uje umchukue mtoto umfunge kifuani, na kila asubuhi alijibu kesho, sista. Msifikiri hakumtaka. Jamani. Mtoto wa mwenzake akilia wodini, maziwa yanamchuruzika yeye. Alikuwa anapitisha kidole kimoja kwenye lile tundu, anamgusa kisigino, anakitoa haraka, anarudi kitandani anajifunika shuka anakinusa kile kidole. Nyie mliozaa mnanielewa.

Ndipo akampenda yule mnyama wa ukutani. Kila siku akishakamua maziwa anapita koridoni, anasimama mbele ya picha, anamwamkia kabisa, shikamoo mama, halafu anamwomba kimoyomoyo, leo nipe ujasiri wako. Akaipiga picha akaiweka kwenye simu. Mdogo wake akamtafutia habari zake, kwamba kangaruu huzaa kitoto kidogo kama punje ya haragwe, hakina manyoya, hakioni, na bado kinakua kinakuwa kangaruu mzima. Alilia kwa furaha aliposikia hivyo. Akajua kangaruu anakula nini, anaruka umbali gani, analala vipi. Siku ya tisa ikafika, mtoto wake mwenyewe hajambeba.

Jirani yake wa kitanda alikuwa mama pacha, mtu mzima, mcheshi, mmoja kamfunga kifuani na mwingine kafungwa kwa mama mkwe wake. Akamkuta pale kwenye picha, akamtania kwamba mnyama unamwamkia kila siku, mama mkwe wangu hapa humwoni. Kisha akamsogelea.

"Mtazame vizuri huyo shujaa wako, mdogo wangu. Anatafuna majani. Hata hana habari kama anaogopa au haogopi. Mtoto yumo mfukoni, basi."

Mnafikiri alikwenda? Hakwenda. Alirudi kitandani akageukia ukutani.

Siku ya kumi, mchana, ikaja mvua ya upepo, umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, ikakohoa, ikazima. Wapendwa, mashine ya joto bila umeme ni kisanduku tu, kinapoa, na aliyemo ndani anapoa nacho. Muuguzi akatoka mbio kumtafuta mama. Akamkuta wapi? Koridoni, mbele ya picha.

"Njoo umchukue mtoto."

"Sista, bado sijapata ujasiri. Nipe dakika chache niombe."

"Sikukuomba ujasiri," muuguzi akasema, na mikono yake tayari iko kwenye vifungo vya blauzi ya yule mama. "Nimekuomba kifua."

Akakalishwa. Mtoto akaletwa, nyayo baridi, midomo imeanza kubadilika rangi, akalazwa pale katikati ya matiti, kitenge kikazungushwa kikakazwa. Yule mama anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, anasema mtoe sista, mtoe, natetemeka, nitamuua, nilishaua mmoja. Likatoka lile alilolificha. Muuguzi hakubishana naye, hakumhubiria. Aliweka viganja vyake juu ya kitenge, mgongoni kwa mtoto, akabana.

"Tetemeka tu, mwanangu. Mtu anayetetemeka ana joto."

Umeme ulirudi jioni. Muuguzi akaweka kipimajoto kwapani kwa mtoto, joto limepanda. Na hofu ya mama, je, ilipungua? Haikupungua hata kidogo. Moyo ulikuwa unakwenda kama wa mtu anayekimbizwa, na sikio la mtoto limelala juu ya moyo huohuo, naye amepitiwa na usingizi. Angejuaje kwamba ule ni mlio wa hofu? Kwake yeye ulikuwa mlio wa mama. Wiki tano alikaa pale kifuani, akafikisha kilo mbili, wakaruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto, mama na hofu yake, wote watatu.

Sasa sisi. Sisi tuna picha ngapi? Huyu ana tai kwenye kalenda ya sebuleni, yule ana simba kwenye blanketi, mwingine njiwa kwenye simu, tunaamka tunaitazama tunasema, Bwana nipe mabawa, Bwana nipe moyo wa simba. Sisemi tuzitoe. Ile picha ndiyo iliyomwinua yule mama kitandani siku zile zote, na sidhani kama Mungu alimkasirikia. Ila tunamwambia Mungu atuondolee hofu kwanza ndipo tumbebe mtu, na huku mtu mwenyewe anapoa. Ni nani huyo? Wewe unamjua. Ni mama yako ambaye hujampigia simu tangu mlipogombana. Ni binti yako aliyejifungia chumbani, unafika mlangoni, unagusa kitasa, unaondoka, na unamtamani, Mungu anajua unavyomtamani.

Leo sitawaita mbele muombewe ujasiri. Umeshamfikiria mtu, nawaona machoni. Ibada ikiisha usibaki nje kusalimiana na sisi. Nenda kwake hivyohivyo ulivyo, na magoti yanagongana. Yeye ana baridi, na joto unalo wewe.