Tunguu la Kaburini

Tegeni sikio, na kila mtu aiandae hukumu yake.

Mzee Mwachofi wa milima ya Taita alizaa watatu. Mwadime alijaliwa macho: siafu akivuka njia ng'ambo ya bonde, yeye anamwona. Dada yake, Mghoi, alijaliwa mgongo: mzigo wa wanaume wawili aliubeba huku akisengenya. Wakesho, kitinda mimba, alijaliwa kichwa, akapata digrii ya kilimo. Miaka minne alituma sivii za kuomba kazi, akavuna barua za "we regret" gunia zima.

Mzee alikuwa na nusu ekari na ua moja, lile jekundu la duara linalochomoza kwenye tunguu lake, mfano wa kitunguu kikubwa, masika yakianza, kisha likalala ardhini kiangazi kizima kama maiti. Kitandani pake alisema, "Lipandeni kichwani pa kaburi langu. Likichanua, shamba ni la aliyelichanuisha. Msigawane, nusu ekari ukiikata mara tatu unapata makaburi matatu. Lisipochanua, achukue mdogo wangu Mwakio." Akafa.

"Huo si wosia," Wakesho alisema. "Hiyo ni intavyuu nyingine, bana."

Wakalipanda. Kiangazi kikaingia, majani yakanyauka, nungunungu wakaanza kufukua. Mwadime alizungushia kaburi miiba. Alfajiri moja akamwona mmoja keshafika kwenye tunguu, akamrukia. Mnyama akaja kinyumenyume, miiba ya mgongo imesimama, kama kawaida yao. Tunguu lilipona. Jicho la kulia la Mwadime halikupona.

Kisha akaja baba mdogo Mwakio, ndoo mkononi, kila asubuhi.

"Kaburi la ndugu yangu likauke kama la mbwa? Watu watasema nini?"

"Baba mdogo, limelala!" Wakesho akapaza sauti. "Maji sasa yanaliua!"

"Ndiyo mliyosomeshwa hiyo? Kufokea wazee?"

Kama alimwagia kwa mapenzi au kwa tamaa, Wakesho hakujua, na hajui mpaka leo. Anachojua ni kwamba siku aliyoitwa Voi kwa intavyuu, ya kwanza kwa miaka minne, alipita kaburini amevaa viatu vya kuazima, akasikia harufu ya uozo. Kufika jioni, tunguu lingekuwa uji. Akavua viatu. Akalichimbua, akakata palipooza kwa kisu cha moto, akapaka majivu kidonda, akalilaza kivulini. Simu ililia mara tatu. Kazi akapewa mwingine.

Lakini kulirudisha kwenye tope lile ilikuwa kuliua mara ya pili. Lilitaka udongo mwepesi wa msituni, na kuuchota huko ni marufuku. Mghoi alipanda mlima siku tatu, gunia mgongoni. Siku ya nne askari wa msitu wakamkamata. Mwezi mzima ndani. Alipotoka alikuta mumewe amewapeleka watoto kwao, kwa mama mkwe. "Mke wa jela simtaki," ndiyo salamu aliyoachiwa. Udongo, hata hivyo, ulikuwa umetosha, na tunguu likarudishwa kaburini.

Masika yakapiga. Likachomoza bua moja, ua moja, jekundu kama kidonda.

Mwakio akaja, akavuta kigoda karibu na kaburi. "Nitajieni jina moja kabla ya saa kumi. Mkishindwa, basi hakuna aliyelichanuisha."

"Mngetibu nini kama lingeliwa?" Mwadime akaanza.

"Na mngelipanda wapi?" Mghoi akadakia. "Kwenye bwawa la baba mdogo?"

"Mngepanda nini?" Wakesho akafoka. "Uozo?"

Wakesho alitazama tundu la jicho la kaka yake. Akamtazama dada yake, aliyekuwa akikunja na kukunjua fulana ya mtoto. Alitaka kutaja jina la mmoja wao, kweli alitaka. Lakini nusu ekari ile ilikuwa kitu pekee duniani ambacho hakikutaka barua ya maombi.

Haya, ninyi mnaosikiliza. Jicho liko hapa, kazi iko hapa, watoto wako hapa. Msiniambie wagawane, mzee alikataa. Msiniambie wasameheane, msamaha haulimwi. Saa tisa na nusu sasa, na Mwakio hana haraka.

Jina moja tu. Mnataja la nani?