Kifuniko, Sufuria na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya simu kusema, palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Bi Somoe na Bi Tatu. Somoe mkubwa, Tatu mdogo. Nyumba zao zilitazamana mlango kwa mlango, lakini salamu ilikuwa haivuki njia.

Walichogombea ni sufuria. Mnacheka? Subirini nanyi mje mrithi. Lilikuwa sufuria la shughuli la marehemu mama yao, lile la pilau ya harusi, halibebwi na mtu mmoja. Tatu aliliazima kwa Somoe, likarudi linavuja.

Somoe akasema, "Nimelitoa zima, limerudi na tundu."

Tatu akasema, "Tundu hilo la tangu mama yu hai. Mlikuwa mkiliziba kwa donge la ugali!"

Somoe akasema nimelitoa zima. Tatu akasema donge la ugali. Masika yakaja yakapita, zima, donge, zima, donge, mpaka watoto wa mtaani wakawa wanarukia kamba kwa maneno hayo.

Sasa Rukia, binti yake Tatu, akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba ikafika, mbuzi yupo, shehe yupo. Rukia akamfunika mtoto wake kanga akasema, "Mwanangu hapewi jina mpaka mama na mama mkubwa wale sinia moja. Na atakayewapatanisha, awe nani awe nani, ndiye atakayempa jina."

Shehe akasema, "Binti yangu, mtoto ana haki ya jina."

"Anayo, shehe. Na haki ya bibi zake wawili anayo pia."

Wakaja wazee kusuluhisha. Wakakirimiwa, wakala, wakaondoka. Zima, donge. Mtoto akakaa hana jina. Watu wakimjulia hali husema, "Fulani hajambo?" Rukia hujibu, "Fulani hajambo, amelala." Anajibu huku anatazama pembeni, maana mama gani anapenda mwanawe aitwe Fulani?

Rukia alikuwa na mdogo wake, Hidaya, msichana wa kupenda simu. Kwenye simu ya dada yake mlikuwa na mchezo wa Wajapani. Unagusa yai, yai linapasuka, anakutokea mtu wako wa vita. Wenzake walitokewa na mashujaa wenye mapanga ya moto. Hidaya akatokewa na mtu mfupi, mnene, kofia yake bakuli, ngao yake kifuniko cha sufuria. Akipigana, anaanguka. Akiona chakula, anasahau vita.

Wenzake wakamwambia, "Mtupe huyo, gusa yai jingine!"

Hidaya akasema, "Simtupi. Ndiye niliyepewa."

Akamwita Kifuniko, akamlea mumo humo kwenye simu kama mtu anavyolea kifaranga chenye mguu mbovu.

Mchezo ule ukapendwa, wenyewe wakaugeuza katuni. Niliiona kwa macho yangu, sisemi ya kuambiwa. Watu wana macho kama visahani, nywele za buluu, nywele za zambarau. Na hafi mtu! Jitu likija kula kijiji, linapewa uji, linalala. Wenye mapanga ya moto wanapita nyuma huko. Anayetazamwa na kila mtu ni Kifuniko na njaa yake. Ukitoka pale mbavu zinauma, lakini moyo mwepesi kama nguo iliyoanuliwa juani. Ndicho watu walichokifuata.

Walikifuata kwenye kibanda cha video, kile tunachokiita kibanda umiza kwa ajili ya mabenchi yake. Humo alikuwamo Chande. Kazi yake kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akiweka Kiswahili juu ya maneno ya kigeni. Kijapani alikuwa hajui hata la kuombea maji. Anatazama midomo, anatunga. Watu wakampenda hivyo hivyo. Aliyemsumbua ni Hidaya, kwa kuwa yeye kisa alikijua kutoka kwenye simu. Chande akikosea tu, sauti inatoka gizani, "Siyo hivyo, kaka Chande!"

Naye hujibu kwa kipaza sauti, "Mwenye katuni kafika, mpisheni akae."

Idi mosi, alasiri, kibanda ni cha wanawake na watoto. Somoe akaja na wajukuu zake, akakaa mbele. Tatu akaja na Hidaya, akamwona dada yake, akakaa nyuma kabisa.

Katuni ikaenda, ikaenda, wakatokea wachawi wawili wa kike, wameshika sufuria kubwa, huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Hidaya alijua: wale hawagombani. Sufuria lina uchawi, limewanasa mikono, wanataka kuliachia hawawezi. Lakini Chande aliona wanawake wawili na sufuria moja, na mdomo ukamponyoka.

Akaibana sauti: "Nimelitoa zima, limerudi na tundu!"

Akainenepesha: "Tundu la tangu mama yu hai! Mlikuwa mkiliziba kwa donge la ugali!"

Watoto wenye bisi mdomoni wakaacha kutafuna. Likabaki jenereta peke yake linanguruma. Hidaya akafungua mdomo aseme, "Siyo hivyo!" Akaufunga.

Mara Kifuniko huyo, mbio, amenusa pilau. Akajikwaa, akatumbukia ndani ya sufuria, kitako cha sufuria kikang'oka, miguu ikatokeza chini, akaenda zake amelivaa kama gauni. Wachawi wakabaki kila mmoja na kishikio mkononi.

Somoe akacheka. Hakucheka kidogo. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, akageuka nyuma. "Tatu wee! Umetuona? Tumebaki na vishikio!"

Tatu akasema polepole, "Dada, donge la ugali lilikuwepo."

"Lilikuwepo, mkosa adabu wee! Si mimi ndiye niliyekuwa nalikanda?"

Jioni ile wakala sinia moja, wakigombania mnofu. Kesho yake shehe akaitwa, Rukia akamtoa mtoto nje. "Haya, nani ampe jina?"

Chande akasema, "Mimi. Wazee waliyazunguka maneno yale, mimi niliyatia kwenye kipaza sauti. Bila mdomo wangu wangekuwa bado wananuniana."

Hidaya akasema, "Mdomo wako ulidanganya, kaka Chande. Ningesema neno moja tu, kwamba wale wamenaswa, wala hawagombani, mzaha wako ungekufa hapo hapo. Kimya changu ndicho kilichopatanisha. Na mnajua kunyamaza kunavyonigharimu."

Somoe akasema, "Nyote wawili mnanichekesha tena. Aliyetukanwa mbele ya watu ni nani? Ningenuna, lingekuwa tusi, na leo hii tungekuwa kwa mjumbe. Nilicheka, likawa mzaha. Jina ni langu."

Tatu akadakia, "Na mimi niliyeitikia?"

"Wewe kapike," dada yake akamwambia.

Rukia akawatazama. "Semeni kweli mbele ya mtoto. Chande, ulikusudia?"

Chande akajikuna. "Kibandani giza, dada. Sikujua wamo. Ningejua, ningeumeza ulimi."

"Hidaya, ulinyamaza kwa ajili yao?"

Hidaya akatazama chini. "Nilijua Kifuniko anakuja kuanguka. Sikutaka kelele zangu zimharibie."

"Na wewe, mama mkubwa? Ulisamehe kwanza ndipo ukacheka, au ulicheka kwanza?"

Somoe akajitanda mtandio wake vizuri.

Shehe ameshanawa mikono. Mbuzi amefungwa. Mtoto amefumbua macho, anamtazama huyu, anamtazama yule, bado anaitwa Fulani. Yuko aliyesema asichokijua, yuko aliyejua asiseme, yuko aliyecheka.

Mimi nimetua chungu, kupakua ni kwenu. Je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?